Klachi ya kununua kama unapenda kuondoka kwa kishindo

Ukipandisha injini hadi mizunguko 5,000 kwa dakika kisha ukaachia klachi, pleti (sahani inayounganisha injini na gia boksi) huteleza mpaka gari lifikie mwendo wa injini, na kuteleza huko ni joto tupu. Ukilinganisha na kuondokea 2,500, joto linakaribia mara nne. Subaru ya kuvuta magurudumu manne huumia kuliko Toyota Altezza inayovuta nyuma tu: Altezza tairi za nyuma zitazunguka bure na kupunguza mzigo. Subaru zinashika, basi kinachoteleza ni klachi.

Chaguo langu la kwanza ni pleti ya kawaida yenye presha pleti (chuma chenye springi kinachoibana pleti) nzito kuliko ya kiwandani, kampuni ya Exedy wanazo. Pedali inakaza kidogo, lakini foleni ya Buzuruga hapa Mwanza unaimudu, na mlima wa Bugando unaondoka bila gari kurukaruka.

La pili ni seti ya kiwandani, mfano Aisin kwa Toyota. Usiidharau. Injini ikiwa haijaongezwa nguvu, inatosha, ila baada ya kishindo kimoja iache ipoe.

Kevla, yaani pleti yenye uso wa nyuzi ngumu za kevla, naiweka ya tatu. Ni laini na hudumu, lakini inadai mamia ya kilomita za upole mjini kwanza. Mwenzangu na mie, nani atasubiri?

Seramiki, ile ya vipande vilivyokaa kama vitumbua kwenye kikaango, ndiyo inayosifiwa vijiweni. Joto inalivumilia kweli. Shida inashika papo hapo: nyuma ya daladala mlimani gari linaruka kama chura, na ule mshtuko ambao klachi imeukataa unahamia gia boksi. Gia boksi ya Subaru ya gia tano haina ubavu huo. Ya mashindano, sawa. Ya kwenda nayo sokoni Kirumba, hapana.

Mtumba ni wa mwisho. Niliwahi kununua, muuzaji akiapa “hii ya Japani hii, bosi”. Fundi alipoigeuza juani, ribiti (pini zinazoshikilia uso wa pleti) zilikuwa karibu kulingana na uso wenyewe, yaani imeshalika, na presha pleti ina madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama unywele. Tuliifunga hivyo hivyo kwa ubishi wangu. Siku ya tatu, Igoma, ikanuka.

Yoyote utakayochukua, nunua na rilizi beringi mpya (beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali), flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa nalo) ipelekwe lezi kusawazishwa uso, na kabla ya kulipa hesabu meno ya katikati ya pleti ukilinganisha na ya zamani.