Video za Oppenheim wa MIT: za 1987, bado ni msingi imara

Kabla ya kukimbilia ujifunzaji wa mashine, tazama masomo haya 26 ya Profesa Alan Oppenheim, Signals and Systems (ishara na mifumo), yaliyowekwa bure na MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Picha ni za kizamani. Ufundishaji ni wa hali ya juu.

Somo la 4, konvolusheni (kuunganisha mifuatano miwili ya namba kuwa mmoja), lirudie. Geuza mfuatano mmoja, usogeze hatua moja moja, zidisha, jumlisha. Fanya kwa kalamu! Mfuatano wenye namba 8 na wenye namba 5 hutoa mfuatano wenye namba 12. Ukitumia FFT (njia ya haraka ya kompyuta ya kugawa ishara katika masafa yake) ya urefu wa 8, mkia wa jibu unajikunja na kuharibu namba 4 za mwanzo. Jaza sifuri mifuatano yote miwili hadi ifike urefu wa 12. Kumbuka pia, "konvolusheni" ya mitandao ya neva (ya ujifunzaji wa mashine) kwa kawaida haigeuzi kichujio, yaani ule mfuatano unaosogezwa, na hapo wengi huchanganyikiwa.

Somo la 16 ni sampuli, yaani kupima ishara kwa vipindi sawa. Toni ya hezi 7,000 ikichukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde husikika kama 1,000, na ukichuja baadaye umeshachelewa; kichujio cha kuondoa toni za juu hutangulia sampuli.

Pungufu lake: hakuna programu za kuandika, na nadharia ya uwezekano itafute kwingine. Mwongozo wenye maswali na majibu upo, upakue.