Bati gani ununue: nimezipanga kuanzia ninayoishauri zaidi

Watu wengi dukani wanaanza na rangi, mtu anataka maruni kama ya jirani, geji, yaani namba ya unene wa bati, anakuja kuuliza ameshatoa hela. Jamani anzeni na chuma chenyewe na kile kilichopakwa juu yake, rangi baadae. Paa la madini mazuri linamzidi umri aliyelijenga. Pantheon kule Roma iliezekwa vigae vya bronzi vilivyopakwa dhahabu, karne ya 2 hiyo, vikadumu zaidi ya miaka 500 mpaka mwaka 663 Kaisari Constans II wa Bizanti alipokuja akavibandua akavibeba, yaani havikuoza, vilichukuliwa!

Bati la migongo lenyewe lilianzia bandarini London, injinia Henry Robinson Palmer alilisajili 1829, ila chuma kitupu kinashika kutu upesi, ndo 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki inaliwa kwanza, ndo maana hata bati likikwaruzwa kidogo chuma cha hapo bado kinalindwa.

Haya sasa.

1. Geji 28 ya alumini na zinki, yenye rangi. Mchanganyiko wake ni alumini asilimia 55, iliyobaki karibu yote zinki, na silikoni kidogo. Alumini inazuia maji, zinki inalinda mikwaruzo. Tafuta maandishi AZ chini ya bati, AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, namba ikishuka na ulinzi unashuka. Kwa nyumba ya kuishi mi nasimama hapa.

2. Vigae vya chuma vyenye chenga za mawe. Mvua ikinyesha mnasikilizana ndani, na vinapendeza kweli, ila bei imechangamka na papi, zile mbao za kupigilia bati, zinakuwa nyingi maana vipande ni vifupi.

3. Alumini tupu. Bara sioni sababu, lakini kama umetazamana na bahari, Kilwa, Bagamoyo, Nungwi huko, basi hii ndo namba moja kwako, chumvi inakula chuma vibaya sana. Ni laini, fundi akanyage kwenye papi tu.

4. Geji 30. Ndo inayonunuliwa sana, bara inafaa ukisogeza papi karibu karibu.

5. Geji 32. Banda la kuku, stoo, sawa. Nyumba hapana, upepo mkali unaifumua kwenye misumari.

Na kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, wapo wauzaji wanakupa 30 kwa bei ya 28 na kwa macho hujui, kwa hiyo nenda na maikromita, kile kifaa cha kupima unene, upime ukingoni mbele yake kabla hujalipa, na umuulize unene wa chuma bila rangi, maana rangi nayo inaongeza.

Halafu fundi. Ukimuona anakata bati kwa grainda msimamishe hapo hapo, zile cheche zinaunguza zinki ukingoni na chembe za moto zinanasa kwenye rangi, baada ya mvua chache tu unaona vidoa vya kutu bati likiwa jipya kabisa. Akate kwa mkasi wa bati, afagie chembe zote siku hiyo hiyo, na misumari iwe iliyopakwa zinki, yenye mpira.