Siku 10 Gujarat kwa kifurushi: gari nyota 5, ratiba nyota 2

Nilichonunua huko Gujarat, jimbo la magharibi mwa India: gari lenye dereva kwa siku 10, hoteli za kati na kifungua kinywa, Ahmedabad mwanzo na mwisho, Patan na Modhera, "safari ya Gir" moja, na siku tatu za Kutch. Kampuni siitaji. Vifurushi vya Gujarat vinafanana kama shilingi kwa ya pili, na kasoro zake pia. Gari lilikuwa safi, dereva anajua njia na hasinzii barabarani. Kilichowashinda ni kalenda, na Gujarat kalenda ndiyo inayoamua utaona nini.

Nianze na Gir, maana ndiko watu wanakolia. Msitu huu wa hifadhi ndiko makazi ya simba wa Asia, na hakuna kundi jingine lao la porini duniani. Hesabu ya 2020 ilitoa simba 674, ya 2025 ikatoa 891, na wengi sasa wanaishi nje ya hifadhi: mashambani, vichakani, hata ufukweni. Ratiba yangu iliandika "Gir safari" tu. Kibali kilipotoka kilikuwa cha Devalia. Devalia ni eneo la kilomita za mraba kama nne lililozungushiwa uzio, unapitishwa kwa basi dogo au gari la wazi, na simba utamwona karibu kwa hakika. Si wizi, ila si pori. Pori lenyewe kibali chake huandikwa Gir Jungle Trail. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, omba nakala ya kibali usome neno hilo. Wakikwambia "vyote ni Gir", achana nao.

Ni bora ukate mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya misitu ya Gujarat. Kibali kimoja ni cha gari moja, lisilozidi watu sita, na majina na namba za pasipoti hujazwa siku hiyohiyo ya kukata. Hakibadilishwi jina. Herufi moja ikitofautiana na pasipoti, mlinzi wa kaunta ana haki ya kukurudisha, na pasipoti halisi inatakiwa, si picha ya kwenye simu. Mgeni hulipa mara kadhaa ya anacholipa Mhindi, na mwisho wa wiki na sikukuu bei hupanda tena. Gari na kiongozi wa msitu hulipwa pembeni, kwa taslimu, palepale Sinh Sadan, kituo cha mapokezi ya msitu mjini Sasan. Fika nusu saa kabla. Zamu ni tatu: alfajiri, asubuhi ya pili na alasiri, kila moja kama saa tatu za mzunguko. Njia utakayopita unapangiwa, huchagui, kwa hiyo anayekuahidi "njia yenye simba" anakuuzia upepo. Kama mfuko unaruhusu, chukua zamu mbili za siku tofauti badala ya moja.

Kuanzia Juni 16 hadi Oktoba 15 msitu umefungwa kabisa kwa sababu ya masika ya kule, na Devalia hufungwa kila Jumatano. Kifurushi changu kilikuwa kimepanga siku ya akiba ya Gir iangukie Jumatano.

Aliyezoea simba wa Serengeti kwenye nyasi wazi atapata tabu mwanzoni. Huu ni msitu mkavu wa mitiki, majani makubwa yamelala chini yamekauka, na simba ana rangi ileile ya majani. Utamsikia chital akipiga kelele kabla hujaona kitu. Mnyama huyo wa madoa meupe ndiye kengele ya msitu. Ukimpata simba, tazama tumbo: kuna ngozi iliyoning'inia kwa urefu wake wote, alama ambayo kwa simba wa Afrika ni nadra. Manyoya ya shingo ni machache, masikio yanaonekana wazi. Usisubiri familia kubwa iliyolala chini ya mti pamoja na dume lao. Huku madume hukaa peke yao na majike peke yao, hukutana kwa kupandana au kwenye mzoga mkubwa. Desemba na Januari ni baridi, beba koti zito kwa gari la wazi. Machi hadi Mei majani yamepukutika na wanyama wanasogea kwenye maji, ndiyo miezi ya kuona zaidi, lakini joto hupita nyuzi 40.

Onyo moja. Jioni utafuatwa na mtu atakayekwambia simba amelala shambani kwa binamu yake, twende na tochi. Ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya India ya 1972, na mara nyingine huyo simba amevutwa kwa ndama aliyefungwa kamba. Kataa.

Kilomita chache kutoka Sasan, upande wa Talala, kuna kijiji cha Jambur. Wakazi wake ni Masidi, watu ambao wahenga wao walitoka Afrika. Hoteli nyingi hukuletea ngoma yao bustanini baada ya chakula, wamevaa manyoya ya tausi, nazi inarushwa juu na kupasuliwa kwa kichwa, dakika 40 kwisha. Mimi naona ni kupoteza pesa bure. Mwambie dereva akupeleke Jambur mchana, uulize kwanza kwa wazee wa dargah, yaani kaburi la walii wao, uvue viatu, utoe sadaka. Ngoma yenyewe wanaiita goma, na moja ya ngoma wanazopiga inaitwa musindo. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Lakini usiende ukiwaanzia "Hamjambo" ukitegemea jibu. Lugha yao ni Kigujarati. Kiswahili kimebaki maneno ndani ya nyimbo za dini, na wengi hawajui tena maana yake. Ni Wahindi, si ndugu waliopotea wanaosubiri kuokolewa na mtalii wa Mombasa.

Ahmedabad sitaisema sana. Matembezi ya asubuhi ya mji wa kale, yanayoanzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur na kuishia Jama Masjid, ni saa mbili na nusu na hayana haja ya kampuni, unajiandikisha mwenyewe pale hekaluni. Msikiti wa Sidi Saiyyed, wa 1573 hivi, nenda alasiri jua likiwa magharibi ili madirisha ya mawe yaliyotobolewa yaonekane kutoka ndani. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Jumba la nguo la Calico hufungwa Jumatano, huingii bila kujiandikisha mapema na kamera hairuhusiwi.

Patan na Modhera kifurushi kiliziweka siku moja pamoja na safari ya kwenda Kutch. Hapana. Rani ki Vav peke yake inataka saa mbili. Ni kisima cha ngazi cha karne ya 11, kinahusishwa na Malkia Udayamati, kina orofa saba za kushuka, na kilijaa matope ya mto Saraswati kwa karne nyingi hadi kikafukuliwa, ndiyo maana nakshi zimebaki kali kama zimechongwa juzi. Kipo pia nyuma ya noti ya rupia 100. Kiingilio cha mgeni ni rupia 600, Modhera 300. Modhera uende kwanza, asubuhi, kwa kuwa hekalu la jua linatazama mashariki. Mjini Patan uliza nyumba ya wafumaji wa patola: nyuzi za hariri za mlalo na za wima zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na uzi mmoja ukihama ua linavunjika. Sari moja huchukua miezi. Ukiuziwa "patola" kwa bei ya shati, ni ya kuchapishwa.

Kutch ndiko gari na dereva vilipolipa. Umbali ni mkubwa, mabasi ni machache, na kwenda Rann nyeupe ya Dhordo, lile jangwa la chumvi, kunahitaji kibali cha Bhirandiyara pamoja na nakala za pasipoti na visa. Beba nakala nne, mashine ya fotokopi ya pale usiitegemee. Chumvi huchelewa: Novemba mara nyingi bado ni maji na tope, na viatu vyako vitakuambia. Desemba hadi Februari ni imara. Hema za tamasha la Dhordo ni ghali kwa kinachotolewa. Nyumba za bhunga vijijini, zile za duara za udongo na vioo vidogo ukutani, ni nafuu na chakula ni kizuri zaidi.

Siku moja nzima iwe ya Ajrakhpur, kijiji cha wachapaji wa vitambaa. Kitambaa cha ajrakh hupita hatua zaidi ya kumi. Huoshwa, huchovywa kwenye dawa ya mmea wa harde kikawa manjano, hupigwa muhuri wa chokaa na gundi pale panapotakiwa kubaki peupe, kisha mweusi. Mweusi huo ni vyuma chakavu na sukari guru vilivyoachwa vichachuke kwenye pipa kwa wiki mbili au tatu. Baadaye huja nili na nyekundu, na kuoshwa tena na tena. Maji yenye madini mengi ya chuma huziharibu rangi zote, na hilo ndilo lililowasukuma wachapaji wengi kuhama Dhamadka, kijiji chao cha zamani, na kuja hapa baada ya tetemeko la Januari 26, 2001. Ukinunua, geuza kitambaa: rangi iwe imepenya, na viungo vya muhuri visilingane kikamilifu. Kikilingana kama kimepigwa rula, ni cha mashine.

Mambo madogo yanayokwamisha. Viza ya mtandaoni iombwe kwenye tovuti ya serikali tu, za bandia ni nyingi na zinatoza mara tatu. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha homa ya manjano chenye siku 10 tangu kuchanjwa, vinginevyo ni karantini. Malipo ya simu ya kule yanahitaji maandalizi ambayo mgeni hana, kwa hiyo tembea na noti ndogo. Pombe imekatazwa karibu jimbo zima. Nyama ipo, lakini uitafute mitaa ya Waislamu. Bhatiyar Gali Ahmedabad ni mahali pake. Januari 14 ni sikukuu ya vishada, nyuzi zake hupakwa unga wa chupa, usipande pikipiki siku hiyo.

Mandvi, bandari ya Kutch, kifurushi kiliipa saa moja, ya ufukweni na kasri. Mwambie dereva aiache kasri, asimame kwenye daraja la mto Rukmavati. Majahazi ya mbao yanaundwa pale ukingoni, makubwa kama ghorofa, mataruma nje nje. Usipande ngazi za mafundi bila ruhusa. Ukiruhusiwa, kaa karibu na wale wanaokalafati: pamba inasokotwa kidoleni, inasukumwa kati ya mbao mbili kwa patasi butu, nyundo inapiga polepole, na fundi anasikiliza mlio hadi ubadilike ndipo asogee mbele kiganja kimoja.