Laki mbili na themanini na tano kwa darubini ya "mara 525": kioo nimekikubali, miguu hapana

Kwenye boksi wameandika 525x kwa tarakimu nene za njano, na chini yake wameweka picha ya Zohali yenye pete zinazong'aa kama bangili za bibi harusi. Nawaambia mapema msije mkanilaumu: hizo 525 kwenye hesabu zipo, angani hazipo.

Kazi yangu ni kupiga picha. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, na misiba nikiitwa. Darubini sikuinunua kwa ajili ya elimu. Niliinunua kwa sababu ya bwana harusi mmoja aliyenionyesha kwenye simu picha ya wachumba wamesimama ndani ya mwezi mzima, mwezi umewazidi kimo, akasema, "Dada, mimi nataka hii, halafu usiniunganishie kwenye kompyuta." Lenzi yangu ndefu inaishia milimita 200. Lenzi ya kamera ya milimita 600 bei yake unapata pikipiki. Darubini ya milimita 700 ilikuwa shilingi 285,000 pamoja na nauli ya basi kutoka Dar. Nikajiona mjanja.

Chapa siitaji, na hata nikiitaja haitawasaidia, maana bomba hilihili linauzwa kwa majina kibao na stika tofauti. Tafuteni maelezo: kioo cha mbele milimita 70, urefu wa fokasi 700 (umbali kutoka kioo hadi taswira inapojikusanya), lenzi za jicho tatu, yaani zile unazochungulia (milimita 20, 12.5 na 4), lenzi ya Barlow ya mara 3 (ya kuzidisha ukuzaji), kidarubini kidogo cha kulengea, stendi ya alumini, na kikopo kidogo chenye kioo cheusi na mchoro wa jua.

Kikopo hicho kitupeni siku hiyohiyo. Sitanii. Kinafungwa nyuma, kwenye lenzi ya jicho, mahali ambapo kioo cha mbele kimeshakusanya joto lote la jua na kulielekeza hapo. Kikipasuka wakati unachungulia, jicho limekwenda. Kichujio cha jua kinakaa mbele ya bomba, kinafunika kioo chote. Wale tunaokumbuka mwaka 2016, jua lilipopatwa kipete na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali, tunakumbuka tulivyokatazwa kuangalia jua bila miwani maalumu. Hapo ni macho matupu. Darubini ni moto mara nyingi zaidi. Wanaoweka kidude hicho kwenye boksi linalonunuliwa kwa ajili ya watoto sijui wanalalaje.

Sasa hiyo 525. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa milimita za lenzi ya jicho. 700 gawanya kwa 4 ni 175, zidisha kwa Barlow ya 3 unapata 525. Kwa hiyo hawajadanganya hesabu. Ila kioo cha milimita 70 kinavumilia kama mara 140 hivi, yaani mara mbili ya kipenyo chake, na hapo anga iwe imetulia. Ukipita hapo ni sawa na kuvuta picha ya simu kwa vidole viwili: inakuwa kubwa, haiongezi kitu. Niliijaribu 525 juu ya mwezi. Nikaona uji wa kijivu unatetemeka. Lenzi ya 4 na ile Barlow zimerudi kwenye boksi na hazijatoka tena.

Lenzi ya milimita 20, inayokuza mara 35, ndiyo iliyonifanya nisiirudishe. Usiku wa kwanza niliielekeza kwenye mwezi nusu nikiwa uani kwangu, taa za barabarani zikiwaka. Mashimo ya mwezini yalikuwa makali hadi ukingoni, kila moja na kivuli chake upande mmoja. Mimi nimeshika vioo vya kamera miaka mingi, kioo kibaya nakijua, na hiki si kibaya. Kuna uzi mwembamba wa zambarau kwenye ukingo wa mwezi, basi. Na angalieni mwezi ukiwa nusu, msisubiri mpevu: ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, vivuli vinakufa, unaona sahani nyeupe tu. Ni kama kumpiga bibi harusi flashi ya usoni.

Julai nikaipeleka kwa mjomba, Hombolo, kwenye zabibu zake. Mji wa Dodoma umejaa taa siku hizi, ukiwa katikati unahesabu nyota. Hombolo unaona mwanga wa mji umelala upande mmoja tu wa upeo, kwingine kote ni giza zuri. Na sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo anga ya kusini tunayo karibu yote, na ya kaskazini tunapata sehemu kubwa. Zile nyota mbili angavu zinazoelekeza Msalaba wa Kusini, iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Kwa lenzi ya 12.5 zilikuwa mbili, zimekaa pamoja kama macho ya paka gizani. Nilimwita mjomba akaja na kikombe chake cha chai, akachungulia, akasema, "Mama, hii ni taa ya gari." Nikamwambia, "Mjomba, gari gani liko juu ya mbuyu?"

Nisifie na hali ya hewa yetu, kwa kuwa maelezo mengi ya vifaa hivi yanaandikwa na watu wanaopigana na umande. Kiangazi huku Dodoma umande si tatizo. Tatizo ni vumbi na upepo. Vumbi: msifute kioo kwa kanga wala kwa fulana, pulizeni kwa pampu ya mpira kama ya kusafishia kamera. Upepo unatuleta kwenye miguu.

Hii stendi ni aibu. Vyuma vyembamba kama vya mwavuli, vifungo vya plastiki, na kichwa ambacho ukishakilenga na kukaza skrubu, chenyewe kinashuka kidogo. Kwa hiyo unajifunza kulenga juu ya kitu ili kikishuka kiingie. Ukigusa gurudumu la fokasi, nyota inacheza sindimba. Unasubiri sekunde 4 au 5 itulie, unagusa tena. Na nyota haikusubiri: dunia inazunguka, na kwa ukuzaji wa mara 175 kitu kinakatiza dirisha lote chini ya dakika moja. Kile kidarubini cha kulengea nacho ni pambo. Nimekitoa, nimebandika mrija wa soda kando ya bomba kwa selotepu. Unachungulia kwenye mrija, ukiona nyota, ipo na kwenye darubini. Umenigharimu soda.

Dawa ya miguu ilikuwa dumu la lita 5 lililojaa maji, limening'inizwa kwa kamba katikati ya stendi, na miguu haijavutwa hata kidogo. Unachungulia ukiwa umekaa kwenye kigoda. Mtetemo umepungua zaidi ya nusu. Nawaambia hivi na nina hasira, kwa sababu kiwanda kilichoweza kusaga kioo kama kile kingeweza kuweka miguu mitatu ya mbao.

Jambo lingine halimo kwenye karatasi ya maelekezo. Dodoma, ukisimika kitu cha miguu mitatu kwenye shamba, watu hawafikirii nyota. Nilikuwa sijamaliza kukaza skrubu, wazee watatu wakawa wamefika. "Mbukwenyi." "Mbukwenyi, shikamooni." "Marahaba. Mnapima tena?" Ikabidi mjomba aeleze kwa Kigogo kwamba hakuna kiwanja kinachopimwa, mjukuu wao anaangalia mwezi. Mmoja alikaa hadi saa 4 kuhakikisha.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa, na kwetu ulikuwa wakati mzuri kabisa: kivuli kilianza kuula saa 1:27 jioni, ukafunikwa wote saa 2:30 na kubaki mwekundu hadi saa 3:52. Nilifunga kamera kwenye darubini kwa adapta (inauzwa kando, mimi shilingi 40,000), na hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Kioo cha 70 kwenye urefu wa 700 ni sawa na lenzi ya f/10 (namba hiyo ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Mwezi ukiwa mweupe hakuna shida, shata sehemu ya 125 ya sekunde na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga) inatosha. Ukishakuwa mwekundu, mwanga unaisha. Nilihitaji sekunde kadhaa, na kwa milimita 700 bila mota ya kufuatisha, sekunde moja tu mwezi umeshasogea na picha imeburuzika. Nikapandisha ISO hadi 6400: chenga tupu, kama tivii ya mgongo. Isitoshe uzito wa kamera ulikuwa unavuta bomba la fokasi, ambalo ni la plastiki, likainama kama mdomo wa birika.

Nikaitoa kamera, nikafunga lenzi yangu ya harusi, 200 f/2.8. Inapitisha mwanga mara 12 hivi zaidi. Theluthi ya sekunde, ISO 1600, mwezi mdogo lakini safi, rangi ya shaba ya sufuria. Kisha nikaweka lenzi pana ya milimita 18, sekunde 15, kwa sababu katikati ya kupatwa giza lilirudi na Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, ikatokea juu ya zabibu kama mtu amepepeta unga. Ile ndiyo picha bora niliyopiga mwaka mzima, na darubini ilikuwa pembeni, wapwa zangu wanagombania kuchungulia. Kwa macho ilikuwa tamu mno. Wekundu wa mwezi kwa mara 35 una kina, unaona ni tufe kweli, kitu kinachoning'inia.

Picha ya bwana harusi je? Tuliipiga tarehe 5 Novemba, mwezi mpevu uliokuwa karibu na dunia kuliko yote ya mwaka huo. Siri yake ni umbali. Mtu wa kimo cha mita 1.7 akisimama mita 200 kutoka kwako, analingana na mwezi. Niliwaweka juu ya jabali, mita 300, ili wawe kama theluthi mbili ya kimo chake. Dumu likajazwa, mchanga ukaongezwa kwenye kiroba, kamera nikaifungia kamba ya katani kwa juu isiinamishe bomba. Mwezi ulichomoza muda mfupi baada ya jua kuzama, wa rangi ya embe. Una dakika mbili tu, maana katika dakika mbili mwezi umesogea upana wake mzima. Mimi kwenye simu napiga kelele "kushoto! kushoto kwenu, siyo kwangu!", shata nimeiweka kwenye saa ya sekunde 10 ili mkono usiiguse. Nilipiga 11. Moja ndiyo imetulia. Wameitundika sebuleni, na mama mkwe bado anaamini ni kompyuta.

Kwa hiyo kama ni picha unazotaka, usinunue hii. Ongeza hela kwenye stendi nzito na lenzi yenye mwanga. Kama ni macho, nunua, na uweke akilini kwamba dumu na mrija ni sehemu ya bei. Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Muuzaji amenipigia kuniomba nifanye tano. Nimemwambia aongeze miguu.

Angalizo kwa waliovutwa na Zohali ya kwenye boksi, ili wasirudishe mzigo mzima: mwaka 2025 pete zilikaa ubavu kwetu, tukaona ukingo wake mwembamba tu. Novemba niliiangalia kwa lenzi ya 12.5, ikawa kitone cha njano kisicho na pete kabisa. Darubini haijaharibika. Pete zinaanza kufunguka tena sasa, mwaka hadi mwaka.

Usiku huohuo wa Novemba yule mzee wa kupima viwanja alirudi, akavuta kigoda bila kuambiwa. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimeshapanda mashariki, na kwake ni jambo la kazi, kikionekana jioni jembe linanolewa. "Nionyeshe Kilimia kwa hilo dude." Nikalenga. Kilimia ni kipana kuliko dirisha la lenzi hii, hakiingii chote, kwa hiyo alichoona ni nyota tano sita zimeachana, nyeupe, kila moja na njia yake. Akatazama muda mrefu. Akatoa jicho.

"Mjukuu wangu, umenitawanyia."

"Babu, darubini inavuta karibu sana, ndiyo maana."

"Ilikuwa bei gani?"

Nikamtajia. Akahesabu kimoyomoyo, akaangalia dumu linavyoning'inia, akaangalia selotepu ya mrija.

"Mbuzi watatu," akasema. "Na bado mmeifunga kamba."