Makonyo, mchaichai na langilangi: mafuta ya kunukia niliyonunua Darajani

Nilichukua chupa tatu Darajani, Unguja, za mililita 10 kila moja: makonyo ya karafuu, mchaichai, na langilangi, yale mafuta ya maua. Muuzaji alianzia shilingi 15,000 kwa chupa, tukaelewana elfu 12. Nyumbani ni Dar, chumba na sebule, na dirisha la chumbani linatazamana na chemba ya jirani. Kwa hiyo shida yangu ya kwanza ilikuwa harufu, usingizi ukafuata.

Mchaichai ndio unaokwisha haraka. Natia matone manne matano kwenye bakuli la maji ya moto, naliweka juu ya kabati mtoto asipofika, na harufu ya chemba inasahaulika. Vile vyombo vya umeme vya kutoa mvuke niliviona Kariakoo nikaviacha. Bakuli halijui umeme umekatika. Mbu je? Wanajivuta pembeni kwa muda, harufu ikipoa wanarudi. Chandarua changu kiko palepale.

Makonyo ndiyo yaliyoniteka. Ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, vinapitishwa kwenye mvuke mpaka vitoe mafuta. Pemba wana kiwanda chake Wawi, Chake Chake. Ukali wake unatokana na eugenoli, kitu kilekile madaktari wa meno wanachotumia kutuliza jino. Ukiyapaka hivihivi yanaunguza ngozi. Mimi natia matone matatu kwenye vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi, na hapo mama mkwe anasugulia magoti jioni. Anasema panapata joto, halafu panakuwa kama pana ganzi. Siku hizi hata salamu hazijaisha anauliza, “Mwanangu, ile dawa yangu iko wapi?” Sibishani naye kuhusu hilo jina la dawa, ila vidonge alivyoandikiwa hospitali nahakikisha anavimeza kama kawaida.

Mchaichai ulipokwisha nilinunua mwingine duka moja hapahapa mjini, nusu ya bei, kibandiko kimeandikwa “asilia 100%”. Nilitia tone kwenye karatasi nyeupe, pembeni yake tone la mwisho la chupa ya Darajani. Asubuhi la Darajani lilikuwa limekauka, doa hulioni mpaka ulitafute. Lile jingine limeacha duara la mafuta utadhani karatasi ilifungiwa maandazi. Mafuta halisi ya mchaichai huruka hewani. Yakibaki yanang'aa hivyo, ujue yamezidishwa kwa mafuta ya kupikia au mengine mazito. Makonyo yana kipimo chake: tia tone kwenye glasi ya maji, litikise kidogo, halisi yanazama chini kwa sababu ni mazito kuliko maji. Na yasihamishiwe kwenye chupa ya plastiki, yanaila. Kioo cheusi kilekile yaliyokuja nacho ndicho mahali pake.

Langilangi sikuelewana nayo. Najua ina heshima yake: Wakomoro wanaikamua kwa wingi, Wafaransa wanaitia kwenye manukato ya bei mbaya. Lakini chumba kidogo, dirisha limefungwa, kichwa kilianza kunigonga kabla sijalala. Tone moja kwenye mafuta ya nywele, sawa, hapo inapendeza. Zaidi ya hapo ni harusi.

Usingizi umekuwa mzuri, ila nilianza pia kuacha simu sebuleni wakati uleule, kwa hiyo mchaichai siupi sifa zote. Wifi yangu ni mjamzito; nilimwambia amuulize kwanza mkunga wake kliniki. Mwenye paka naye awe mwangalifu, mafuta mengi ya namna hii yanawadhuru.

Kwa elfu 12, makonyo ningeyanunua tena leo, maana yanatumika kwa matone na chupa bado ina zaidi ya nusu. Mchaichai chukua chupa mbili kabisa. Langilangi, omba kunusa kwanza dukani, tena unuse ukiwa umetoka nje kidogo, kwa sababu mule ndani kila kitu kinanukia karafuu.