Choo kigumu: kipi ununue kati ya isabgol, chia, pumba za ngano na inulini

Mtu akisema anasumbuliwa na choo kigumu, Mtwara au Lindi, ushauri humjia kutoka kila upande. Jirani analeta sanamaki, duka la dawa linatoa kopo la vidonge, na kwenye simu kuna mtu anauza unga wa "kusafisha tumbo". Hapa nimepanga virutubisho vya nyuzinyuzi, kwa wengine makapi mlo, kuanzia kinachostahili fedha yako hadi kisichostahili. Nimeangalia mambo mawili: je, kinalainisha choo kweli, na je, unaweza kukitumia kwa maji uliyonayo nyumbani?

Maji nayatanguliza makusudi. Anayeishi Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, anajua ndoo inavyotafutwa kiangazi. Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kushika maji. Ukizimeza bila kunywa, zinaweza kukuzibia utumbo. Kama huna uhakika wa kuongeza glasi mbili tatu kwa siku, usinunue bado.

Nafasi ya kwanza naipa isabgol, na kwa mbali. Ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa zaidi India, hasa Gujarat na Rajasthan. Pakiti nyingine huandikwa psyllium. Ni vipande vyepesi, vyeupe vyenye wekundu kidogo. Tia kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, koroga, iache dakika chache: inavuta kama mlenda. Ute huo ndio unaoununua. Bakteria wa utumbo mpana hawaumalizi, kwa hiyo unafika hadi mwisho wa safari ukiwa bado umeshika maji, na choo kinatoka laini bila kusukuma. Mwenye bawasiri anaelewa nafuu hiyo. Anayeharisha kidogo pia husaidika, kwa kuwa ute uleule hukusanya maji yaliyozidi. Isabgol hupunguza na kolesteroli mbaya. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vyenye isabgol kutangaza faida hiyo kwa moyo.

Usitarajie matokeo usiku huohuo. Huchukua saa 12 hadi 72. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, wiki ya pili ongeza, hadi ufike gramu 7 au 10 kwa siku. Ukishakoroga, kunywa papo hapo, kisha teremshia glasi nyingine ya maji. Usiilambe kavu hata siku moja, maana huvimba kooni na kumpalia mtu. Mzee anayepata shida kumeza asipewe kabisa. Dawa nyingine zipishanishe nayo kwa saa mbili. Anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari kwanza, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka. Mwezi wa Ramadhani, itumie baada ya futari, wakati bado una saa kadhaa za kunywa maji. Kwenye daku, hapana.

Dukani geuza pakiti usome viambato. Chukua yenye isabgol peke yake, kwani nyingi za ladha ya chungwa zimejazwa sukari. Vidonge vyake navikwepa: kimoja kwa kawaida hubeba kama nusu gramu, kwa hiyo ili ufikishe gramu 7 ungemeza 14. Gawa bei kwa gramu kabla hujalipa.

Nafasi ya pili ni mbegu za chia. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 4 za nyuzinyuzi, na zinaingia vizuri kwenye uji. Loweka hadi zivimbe ndipo unywe.

Pumba za ngano nazipa nafasi ya tatu. Hapa ukubwa wa chembe ndio kila kitu: zilizo kubwa hukwaruza ukuta wa utumbo taratibu, nao hutoa maji na ute. Zilizosagwa laini hazifanyi hivyo, na zinaweza hata kukaza choo. Nunua zilizofungashwa kwa ajili ya watu. Za duka la vyakula vya mifugo waachie kuku. Tumbo lenye kujaa gesi halizipendi.

Inulini, unga wa nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, iko mwisho. Bakteria huila karibu yote njiani na kuacha gesi, na choo hakilainiki kama kwa isabgol.

Sanamaki sijaipanga kwa sababu si nyuzinyuzi. Ni dawa ya kuendesha, inayosukuma misuli ya utumbo ndani ya saa 6 hadi 12. Hizo "chai za kusafisha tumbo" nyingi zimeitegemea hiyo. Soma kiambato kabla ya kumpa mama mjamzito au mtoto.

Lakini kabla ya vyote hivyo, pita sokoni. Lindi na Mtwara zinalima mbaazi kwa wingi, na kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina takriban gramu 11 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mbaazi kwa ugali wa dona, papai baadaye, umeshakaribia. Nakusihi ujaribu hivyo wiki mbili, ukiongeza maji, ndipo uende dukani.

Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika huku tumbo limevimba na choo wala hewa havitoki, au choo kikibadilika ghafla ukiwa umepita miaka 50, acha kununua. Nenda hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara, ya Sokoine ukiwa Lindi, au zahanati iliyo karibu nawe. Mjamzito ambaye choo kimekaza tangu aanze vidonge vya madini chuma asiviache. Amweleze muuguzi wa kliniki, ambaye anaweza kumruhusu atumie isabgol, mradi apishanishe saa za kumeza.