Kiyoyozi kwa boti ndogo ya kabini Tanga: kipi kinapoza na kipi kinakula pesa bure

Kaskazi inapolegea mwezi wa pili na wa tatu, boti ya faiba iliyotia nanga Raskazone huku imefungwa madirisha hupita nyuzi 40 ndani ikifika saa nane mchana. Ndiyo miezi watu wanayoulizana bei za viyoyozi, na ndiyo miezi wanayouziwa visivyofaa. Hapa navipanga kwa ajili ya boti za futi 22 hadi 32: kitanda omo (mbele ya boti), jiko dogo, usukani chini ya paa lenye vioo. Mwenye boti kubwa ya kifahari yenye jenereta yake ndani hesabu zake ni nyingine.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Tanga joto haliji peke yake, linakuja na unyevu, na kiyoyozi kisipoutoa huo unyevu hutapata nafuu hata kipimajoto kikishuka. Kila lita ya maji inayochuruzika kwenye mashine imekula takriban BTU 2,300 za nguvu yake (BTU ni kipimo cha joto, na nguvu ya kiyoyozi huhesabiwa kwa BTU kwa saa). Ukiacha mlango wazi, unakausha hewa ya Bahari ya Hindi, na haitakwisha.

Ukubwa wa mashine unakwenda na eneo la sakafu. Kipimo cha watengenezaji wa vifaa vya boti ni kama BTU 650 kwa mita moja ya mraba kwa kabini iliyo chini ya sitaha, na mara mbili ya hapo kwa sehemu ya juu yenye vioo. Chukua kabini ya omo ya mita 6 za mraba: karibu BTU 4,000. Sehemu ya usukani ya ukubwa uleule, yenye vioo pande zote: karibu 8,000. Ukitaka zote mbili unahitaji mashine ya BTU 12,000, na boti ndogo haina umeme wa kuilisha. Ushauri wangu ni huu, na kila kinachofuata kinautegemea: usipoze boti, poza kitanda. Weka pazia zito au kimlango kati ya kabini ya omo na usukani, ununue kiyoyozi cha BTU 5,000 hadi 7,000 kwa ajili ya usiku. Mchana ukiwa safarini kwenda Maziwe upepo upo, utumie.

Na usidhani kubwa zaidi ndiyo salama. Mashine kubwa kwenye kabini ndogo hushusha joto haraka, inajizima, unyevu unabaki pale pale. Unaamka na shuka lililolowa.

Cha kwanza: kiyoyozi cha boti kinachopozwa kwa maji ya bahari

Hiki ndicho kilichotengenezwa kwa kazi hii. Mashine nzima inakaa chini ya kitanda au ndani ya kabati, pampu inavuta maji ya bahari, maji yanapita kwenye kondensa, yanabeba joto na kulitupa nje ubavuni. Watu huuliza kama maji yetu ya nyuzi 29 au 30 si ya moto mno. Nguvu inapungua kidogo, lakini mashine inafanya kazi vizuri, kwa sababu maji hubeba joto kuliko hewa na kondensa ya shaba iliyochanganywa na nikeli haitafunwi ovyo na chumvi.

Bei ndiyo kidonda. Ni mara kadhaa ya kiyoyozi cha nyumbani chenye BTU hizo hizo, na bado hujalipa fundi wa kutoboa boti na kufunga valvu.

Kuna mambo matatu ya kukagua kabla hujatoa pesa. Pampu nyingi za aina hii hazijivutii maji zenyewe, kwa hiyo lazima pampu na chujio vikae chini ya mstari wa maji. La pili ni umeme: wetu ni volti 230 na hezi 50, na mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani ni volti 115 na hezi 60. Muuzaji atakwambia utafunga transfoma. Transfoma inabadilisha volti, hezi haigusi. Mota isiyotengenezwa kwa hezi 50 inazunguka polepole, inapata moto, na kompresa inakufa kabla ya wakati wake. Soma kibandiko cha mashine yenyewe, si maneno ya tangazo. La tatu ni mahali unapolaza boti. Maji ya bamvua hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kuna sehemu za ghuba ambako boti hubaki ikikalia tope maji yakipwa. Boti ya hivyo haiwezi kuwasha kiyoyozi cha maji saa hizo. Itavuta tope na kuziba. Hata pale penye kina, mwani na majani ya mikoko vitajaa kwenye chujio. Angalia maji yanapotoka ubavuni: yakitoka kwa nguvu na bila kukatika, sawa. Yakiwa membamba kama uzi, zima, ukafungue chujio.

Maji yanayochuruzika kutoka kwenye hewa yapewe bomba lake hadi nje. Usiyaachie ngamani (chini kabisa ndani ya boti) karibu na bomba la moshi la injini, maana feni ya kiyoyozi inaweza kuvuta moshi kupitia njia hiyo hiyo na kuuleta kitandani.

Cha pili: turubai, feni na kitambaa cha kunasa upepo

Katika mpangilio huu nimeiweka feni juu ya viyoyozi kadhaa, na sitanii. Kwa anayelala nangani bila umeme wa gatini, hii ndiyo inayofanya kazi kila usiku. Boti iliyotia nanga kwa omo hugeuka yenyewe kuelekea upepo, kwa hiyo kidirisha cha juu cha kabini ya omo kipo mahali pake tayari. Mwambie fundi turubai akushonee kitambaa cha kusimama juu yake kiusukume upepo ndani. Usiku upepo wa umande ukishuka kutoka bara, utausikia usoni.

Turubai liwe jeupe na lipandishwe shibiri moja juu ya paa, hewa ipite katikati. Likilala juu ya faiba halina faida. Feni mbili za volti 12 zinakula kiasi kidogo tu cha betri hadi asubuhi. Kasoro yake ni mbu: ukiweka wavu, upepo unapungua sana, na hapo ndipo feni inapohitajika zaidi. Hata ukinunua cha kwanza, turubai linunue. Linapunguza kazi ya mashine yoyote.

Cha tatu: AC ya dirishani

Ile ndogo ya nyumbani, BTU 5,000, wati 450 hadi 500. Inafungwa kwa fremu ya mbao kwenye mlango wa kabini, mgongo ukitazama tezi (nyuma ya boti). Haipendezi machoni, lakini inapoza, ni rahisi, na fundi friji yeyote wa Ngamiani anaijua. Chumvi itakula mapezi ya alumini upesi, kwa hiyo inunue ukijua si ya miaka mingi, na ishushe boti ikitoka kwenda baharini. Kwa kuwa umeziba mlango, hakikisha kidirisha cha juu kinafunguka kwa ndani na mtu mzima anapita.

Split ya nyumbani siipendekezi kwa boti ya ukubwa huu. Kile kipande cha nje hakina pa kukaa.

Cha nne: viyoyozi vya betri

Hapa kuna aina mbili. Zipo mashine za volti 12 za kufungwa kwenye boti, na zipo za kubeba mkononi kama EcoFlow Wave 2, yenye BTU 5,100 na betri ya Wh 1,159. Zinapoza, sikatai. Shida ni hesabu. Mashine inayokula wati 500 inamaliza betri ya lithiamu ya Ah 200 kwa saa tano hivi, na ile ya mkononi ikiendeshwa kwa nguvu zote betri yake inakwisha kwa saa mbili. Kurudisha umeme huo kwa sola unahitaji paneli za zaidi ya wati 400 na jua la siku nzima, na paa la boti ya futi 26 lina turubai, antena na miguu ya watu. Kwa kulala mchana saa moja au mbili, sawa.

Cha mwisho kabisa

AC ya magurudumu yenye bomba moja inavuta hewa uliyokwisha kuipoza na kuitupa nje, halafu hewa ya moto inaingia kwenye kila upenyo kuchukua nafasi yake. Yenye mabomba mawili ina nafuu. Feni ya maji ni ya Dodoma kwenye hewa kavu. Tanga inaongeza unyevu ulioukimbia. Na lile sanduku la barafu lenye feni: kilo 10 za barafu zikiyeyuka zote zinatoa takriban BTU 3,200, yaani kazi ya nusu saa ya kiyoyozi kidogo. Barafu hiyo iwekee samaki.

Jenereta nalo nilisemee. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu usingizini. Usiku usio na upepo moshi huganda juu ya sitaha, na kiyoyozi kinaweza kuuvuta ndani. Kulala huku jenereta ya petroli ikinguruma tezini, hapana, hata ukiwa na king'ora cha kuinusa gesi hiyo, ambacho ni lazima kiwepo. Kwenye umeme wa gatini funga swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Siku ya kununua, nenda na kipimajoto cha jikoni. Washa mashine dakika 20, pima hewa inayoingia, kisha inayotoka. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 11. Ikiwa nyuzi 4 au 5, muulize muuzaji gesi iliwekwa lini, na usilipe mpaka arekebishe na upime tena.